Kamba ya kukubeba wewe isibebe kitu kingine: vifaa vya kupanda na kukata miti, hatua kwa hatua

Mbukwenyi wakubwa. Hii naiandika kwa vijana wanaokata miti hapa Dodoma mjini na huko Chamwino, Bahi, Kongwa mpaka Manyoni, maana wengi tumeingia kazini kwa mlango mmoja: panga kiunoni, kamba ya manila begani, miguu peku, juu. Mi nilianza hivyo hivyo na nilijiona mkwezi kweli kweli.

Kilichonibadilisha ni mwarobaini mmoja wa Area D. Jana yake nilikuwa nimeshushia magogo ya mkaratusi kwa kamba ile ile, asubuhi nikaitupia kwenye tawi nikapanda nayo. Niko juu kama mita saba, nimeikalia kabisa, mikono yote miwili iko kwenye msumeno, nasikia tik, tik, kama mtu anavunja njiti za kiberiti pembeni ya sikio. Nikatupa msumeno nikakumbatia shina, nikashuka nalo hadi chini kifua kimechubuka chote. Kuikagua kamba, ile misokoto mitatu mmoja umekatika kabisa, na ukiifumbua miwili iliyobaki unatoka mchanga mwekundu utadhani umekung'uta kiatu. Haikukatikia kwangu, ilikatikia kwenye magogo ya jana, mi nilienda kumalizia tu.

Basi twende.

Hatua ya 1: Jua kamba uliyonayo ni ya nini

Madukani kwetu, ukienda Majengo au Sabasaba ukaomba kamba utapewa aina tatu. Kuna katani, hii ni ya kwetu, lakini ikilowa ikakauka ikalowa tena inaoza kutoka ndani na kwa macho huoni kitu, kwa hiyo ifungie mzigo, mwili usiipe. Kuna manila ya plastiki, ya bluu au ya kijani, ambayo kila fuso inayo. Hii adui yake ni jua, na jua la Dodoma mnalijua, miezi ya kiangazi mfululizo hakuna wingu. Ikishaanza kutoa unga unga mweupe mkononi na vijinyuzi vinavyochoma ujue imeshakwisha. Halafu inayeyuka mapema, kwenye nyuzi joto 165 hivi, wakati naironi inafika 220 na poliesta 250 na zaidi, na kamba ikisuguana na kamba nyingine chini ya uzito wa mtu joto linapanda haraka kuliko unavyofikiri.

Ya tatu ni naironi au poliesta yenye kiini ndani na soksi nje, yaani nyuzi za katikati ndo zinabeba, na ile soksi ya nje iliyofumwa inazilinda. Hiyo ndo ya kupandia. Unene uwe milimita 11 hadi 13, na iwe ya aina isiyovutika sana. Kwenye lebo au kwenye utepe uliopita ndani ya kamba tafuta EN 1891 aina A (hizi EN ni namba za viwango vya Ulaya). Kamba ya kundi hilo lazima ihimili angalau kN 22 (kilonyutoni), na kN moja wewe ihesabu kama uzito wa kilo mia, kwa hiyo hapo ni kama kilo 2,200. Usishangilie hiyo namba lakini. Fundo peke yake linakula theluthi na wakati mwingine hadi nusu ya nguvu, naironi ikilowa inapungua tena kidogo, na kwa kitu kinachobeba mtu wenye kazi hii wanahesabu moja ya kumi tu. Sasa toa hesabu mwenyewe uone kwanini hatuweki mtu na gogo kwenye kamba moja.

Kuna jamaa wananunua mtumba wa wapanda milima (namaanisha mtumba wa mitumba, sio Mtumba ya wizara), kamba nzuri ya rangi rangi, unakuta imeandikwa EN 892. Hiyo imetengenezwa ivutike, ili mtu akianguka mlimani imdake taratibu. Kwenye mti inakuchezesha kama mpira, unavuta mkono mmoja unashuka nusu, na kila ikirefuka na kurudi inasugua gome pale pale. Na la pili ambalo ni kubwa zaidi, hujui historia yake. Kamba isiyo na historia siipandi hata nikipewa bure.

Urefu: kamba inaenda juu na kurudi, kwa hiyo mti wa mita 15 unataka mita 35 angalau. Ukinunua ya mita 45 umemaliza miti mingi ya hapa mjini. Ncha ya mwisho ipige fundo kubwa siku zote, watu wanaishiwa kamba wakiwa bado mita tatu hewani, wanateleza hadi ncha inapita.

Hatua ya 2: Mkanda, na hapa wengi wanapigwa

Tangu mji uanze kujengwa kwa kasi hanesi zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zile za mistari ya njano zenye pete mgongoni. Ni kifaa halali kabisa, EN 361, kazi yake ni kukudaka ukianguka kwenye jengo. Lakini imekudaka mgongoni, mti uko mbele, wewe unaning'inia kama mbuzi buchani huwezi kugeuka wala kukata chochote, na mikanda ya mapajani inakubana damu. Ya kazi ya mti ni ile unayoikalia, yenye mkanda mpana kiunoni, mikanda miwili ya mapaja, pete ya katikati mbele ya kitovu na pete mbili za pembeni. Tafuta EN 813 na EN 358, zikiwepo zote mbili kwenye lebo moja uko sawa.

Ijaribu kabla hujalipa. Mwombe mwenye duka uning'inie kwenye nondo dakika kumi, akikataa nenda duka lingine. Dakika mbili za kwanza kila mkanda ni mtamu, ya nane ndo unajua.

Hatua ya 3: Karabina na vitu vidogo

Karabina ni ile pete yenye mlango unayounganishia kamba na hanesi. Ya funguo na ya begi zinafanana na ya kazi kama pacha. Angalia ubavuni: ya kazi imechongwa namba, mshale wa urefu na kN 20 au zaidi, mshale wa upana na namba ndogo, mara nyingi 7 au karibu na hapo. Maana yake ikilala upande imebaki theluthi, kwa hiyo kila ukikaa kwenye kamba tupia jicho uone imesimama wima. Nunua yenye mlango unaojifunga wenyewe na unaotaka vitendo vitatu kufunguka, kwa sababu ile ya kusokota na skrubu kamba ikiisugua inajisokotoa yenyewe, nimeikuta wazi mara mbili nikiwa juu.

Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Ile kofia ya saiti bila kamba ukiinama tu kumwangalia msaidizi inamfikia kabla yako. Miwani ya kukinga macho pia, unga wa mwarobaini ukiingia jichoni na upepo huu utalia mpaka jioni. Viatu vyenye kisigino. Vile viatu vya misumari acha kwa mti unaoangushwa wote, maana kila hatua ni kidonda kwenye gome, na mteja aliyetaka apunguziwe matawi tu ukimwachia mwembe una matundu hamsini hakuiti tena.

Hatua ya 4: Kabla hujarusha kamba, zunguka mti

Hapa ndo naomba usiwe na haraka. Zunguka mara mbili, ya kwanza unaangalia chini, ya pili unaangalia juu.

Chini unatafuta uyoga kwenye shina, ufa, udongo uliojiinua upande mmoja wa mizizi. Gonga shina kwa kisigino cha panga usikilize, likijibu kama ngoma kuna uwazi. Juu unatafuta nyaya kabla ya kitu kingine chochote. Laini kubwa za umeme zinazopita mitaani ni kilovoti 11 au 33, na hizo huhitaji kuzigusa, ukizikaribia tu unaweza kupigwa. Tawi likiwa ndani ya mita tatu ya waya, funga begi lako nenda ofisi ya TANESCO wazime au waje wenyewe. Na usidanganywe kwamba kamba ni plastiki haipitishi, kamba yenye jasho lako, vumbi na umande inapitisha vizuri tu.

Kisha nyuki. Huku kati nyuki wanapenda tundu lolote, na mbuyu ndo nyumba yao. Simama dakika tano kimya uangalie kama kuna wanaoingia na kutoka sehemu moja. Chensoo ikiunguruma karibu na mzinga wewe umefungwa kwenye mti huna pa kukimbilia, kushuka taratibu na fundo wakati nyuki mia wako usoni sikuombei.

Kwa habari ya mbuyu wenyewe: mti wake ni laini, umejaa maji na nyuzi nyuzi, unaweza ukawa mpana kama chumba halafu ndani mtupu. Wahadzabe upande wa Eyasi wanapigilia vijiti vya mti ndani ya shina wanapanda kama ngazi kufuata asali, na wanajua wanachofanya. Mi mbuyu siwekei kamba kwenye tawi lolote mpaka nimelijaribu, na mara nyingi namwambia mteja hapana.

Kiangazi utachanganyikiwa tawi lipi limekufa lipi limepukutisha tu. Kwaruza gome kwa ukucha, chini yake kukiwa kijani liko hai. Kukiwa kahawia kavu usiweke hata shati lako hapo.

Hatua ya 5: Pa kushikizia

Unatafuta panda, pale tawi linapoachana na shina, na tawi liwe hai, nene angalau sentimita 10, yaani zaidi ya kifundo cha mkono wa mtu mzima. Panda yenye umbo la U ni nzuri. Ile ya V iliyobana ina gome limekunjwa ndani, huwa inapasuka katikati, mikaratusi na mijohoro inaongoza.

Kufikisha kamba juu usipande kwanza bila kitu ndo ukafunge huko. Tumia uzi mwembamba imara wenye kifuko cha mchanga cha gramu 300 hadi 400, unarusha kwa kubembeza katikati ya miguu, uzi ukipita pandani unafungia kamba unavuta. Siku za kwanza utakosa mara thelathini, watoto wa mtaani watakucheka, ni kawaida.

Ikishapita, jaribu kabla ya kupanda. Ning'inieni watu wawili kwa pamoja, mrukeruke kidogo huku mnasikiliza. Afadhali tawi livunjike wote mkiwa chini.

Hatua ya 6: Fundo la kushika, polepole

Mfumo rahisi ni huu: kamba inapita juu ya panda, ncha moja inafungwa kwenye pete ya mbele ya hanesi kwa fundo la nane (lile lenye umbo la namba 8), ule upande wa pili unaoshuka unaufunga kwa kijikamba kingine chembamba, fundo la prusik, nalo linaingia kwenye pete ile ile. Fundo hili lina jina la Karl Prusik wa Austria, mpanda milima, tangu 1931. Uzuri wake ni kwamba ukilisukuma kwa mkono linapanda, ukilikalia linabana.

Chukua kijikamba cha milimita 8 hadi 10, kiwe chembamba kuliko kamba kuu la sivyo hakibani, kiunge duara kwa fundo mbili za mvuvi zinazobanana. Kizungushe kwenye kamba mara tatu, kila mzunguko ukipita ndani ya kitanzi, mpaka uone mistari sita imelala sambamba haijapandana. Ivute ikae. Mistari ikipandana fungua uanze upya, usiseme itajikaza yenyewe. Kamba mpya inateleza, ongeza mzunguko wa nne.

Fanya mazoezi ukiwa mita moja kutoka chini, wiki nzima ikibidi. Panda, shuka, geuka, achia mikono. Wakati wa kushuka teremka kama mzee anashuka ngazi, ukiserereka kwa sifa fundo linachemka, utaona limeng'aa na kuwa gumu kama plastiki iliyopita motoni, na hilo la kutupa.

Na muda wote kamba juu yako iwe imekaza. Ukilegeza mita moja halafu ukateleza, kamba hii isiyovutika inakusimamisha ghafla, haitakatika lakini kiuno chako kitajua.

Hatua ya 7: Kabla ya kuwasha msumeno, sehemu mbili

Kamba kuu moja, na ya pili ile fupi ya kuzunguka shina inayoingia pete za pembeni. Zote mbili zimekaza ndo msumeno unawashwa. Sababu yake nitakuonyesha, fanya leo nyumbani: chukua kipande cha kamba ya zamani, ning'iniza ndoo ya maji, halafu gusa kamba kwa kisu cha jikoni. Sio kukata, kugusa tu. Inalia pa! ndoo iko chini. Kamba iliyolegea unaweza kuisugua kisu dakika nzima, iliyobeba uzito haisubiri. Sasa hiyo ni kisu, fikiria panga unalolirusha huku umekaa juu yake, fikiria mnyororo wa chensoo. Ndo maana juu mi natumia msumeno wa mkono kwa kila tawi linalowezekana, na panga nimeliacha chini. Kamba fupi yenye waya ndani ni nzuri, inavumilia msumeno wa mkono ukiteleza, chensoo haiivumilii hata kidogo.

Magogo yana kamba yake na kapi lake, ya rangi tofauti kabisa ili hata msaidizi aliyelala vibaya asichanganye. Kwangu nyeupe ni ya mtu, ya kijani ni ya gogo. Gogo likianguka nusu mita kabla ya kamba kukaza linapiga kwa uzito mara kadhaa wa ule wa mizani, na kamba ikishapigwa hivyo haikuambii.

Hatua ya 8: Mtu wa chini

Asiwe mtoto wa mwenye nyumba. Awe mtu anayejua kupanda, mwenye hanesi yake karibu, na simu yake iko mfukoni. Ukisema "tawi!" hukati mpaka akujibu "njoo!". Na mkubaliane asubuhi, kabla ya chai, akizimia mtu huko juu nani anapanda na anamshushaje, kwa sababu aliyezimia akining'inia kwenye mikanda damu inabaki miguuni na dakika chache tu zinatosha kumpoteza. Zimamoto na Uokoaji ni 114, pigeni lakini mkiwa mnamshusha, msikae mnasubiri king'ora. Kwa mwenye vijana wanaomfanyia kazi, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inakutaka wewe ndo uwape vifaa, sio wao wajitafutie.

Muda: upepo wetu mwezi wa saba hadi wa tisa unaamka na jua. Mi naanza saa kumi na mbili na nusu, saa nne nne na nusu niko chini nakusanya matawi. Mteja akisema "malizia tu hilo moja bwana", linamalizwa kesho.

Hatua ya 9: Jioni

Kamba isilale kwenye mchanga, tandika turubai au kiroba toka asubuhi. Vumbi likiingia ndani ya soksi kila ukiikalia linasaga nyuzi, hilo nishalisema kwa kifua changu. Ikichafuka ioshe kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida isiyo kali, suuza, anika kivulini. Dawa ya madoa hapana, petroli hapana, na usiiweke buti moja na betri ya gari, asidi ya betri inakula naironi na haiachi alama unayoiona. Katikati ya kamba weka alama kwa uzi wa rangi, kalamu ya wino acha.

Kila nikirudi naipitisha yote mkononi, macho nimefumba, sentimita kwa sentimita, huku redio inaongea. Vidole vinatafuta pale inapokuwa laini ghafla kama mgomba, au bapa, au inapokunjika kirahisi kuliko kwingine, hapo kiini kimekatika hata kama soksi ni nzima. Kisha nafumbua macho natafuta palipong'aa na nyuzi zilizosimama. Nikikuta, sijadiliani, na hata nisipokuta, zimefika miaka kumi zimekwisha. Ndani ya daftari la shule nimeandika kila kamba imenunuliwa lini, imepanda miti ipi, ilipigwa wapi.

Ikistaafu ikate vipande siku hiyo hiyo, kwa sababu ukiiacha nzima kona ya stoo kuna ndugu ataiazima. Zangu mbili ziko Kongwa kwa mama mkwe, mita mbili mbili, zinafunga mbuzi.